Kipago cha Saba

Maneno yamekoma lakini pumzi haijakatika. Mwimbaji wa Tuva amemaliza mshororo wake kwa sauti iliyobanwa, kama ya mtu anayesukuma mzigo. Ulimi unapanda, midomo inajikunja upande mmoja, na juu ya mvumo uleule unachomoza mluzi mwembamba. Weka simu mezani, fungua programu yoyote ya bure inayochora sauti, uone kinachotokea: mistari mingi imelala sambamba, yote hafifu isipokuwa mmoja unaong'aa. Kisha mng'ao unaanza kupanda. Mstari wa sita, wa nane, wa tisa, wa kumi, wa kumi na mbili. Unageuka na kurudi: kumi, tisa, nane, sita.

Wa saba haukuwaka.

Mstari wenyewe upo, programu imeuchora palepale unapostahili kuwa. Mwimbaji ameuruka akipanda na akauruka tena akishuka, kama fundi anayejua kwamba kipago kile cha ngazi kimeoza. Wa kumi na moja nao ameufanyia vivyo hivyo.

Wiki kadhaa sasa swali la kwa nini anairuka halijanitoka. Tuva ni jamhuri ndogo ndani ya Urusi, inapakana na Mongolia, na waliowahi kuisikia wengi wao wameisikia kwa ajili ya sauti hii. Karibu kila maelezo yanaanzia mahali pamoja: mtu mmoja anaimba sauti mbili, ajabu iliyoje! Ajabu ipo. Ila maelezo hayo yanatazama kile ambacho koo linaweza kufanya, na mimi nimekwama kwenye kile ambacho mwimbaji anakataa kufanya.

## Ngazi ndani ya sauti moja

Hakuna binadamu anayetoa sauti moja. Nyuzi za sauti zikitetema mara 150 kwa sekunde, papo hapo hutoa pia 300, 450, 600 na kuendelea juu, kila moja ikiwa ile ya kwanza imezidishwa kwa namba kamili. Wanamuziki wanaziita hamoniki. Mimi naziona kama vipago vya ngazi, vyote vikining'inia kwenye sauti ya msingi.

Kwa msingi wa 150, kipago cha 6 kiko kwenye 900, cha 7 kwenye 1050, cha 8 kwenye 1200, cha 9 kwenye 1350, cha 10 kwenye 1500, cha 12 kwenye 1800. Aliyeimba kwaya atavitambua bila namba. Ukikiita cha 8 do, basi cha 9 ni re, cha 10 ni mi, cha 12 ni so, na cha 6 ni so ya chini. Cha 7 kinaangukia pasipo na jina kwenye piano: chini kidogo ya noti ya si iliyoshushwa nusu toni. Cha 11 kimesimama katikati ya fa na noti inayofuata.

Vipago hivi havitengenezwi na mwimbaji. Vimo katika sauti ya mama anayeita mtoto dirishani. Kinachoamua kipi kisikike na kipi kififie ni umbo la kinywa, na hiyo ndiyo kazi tunayoifanya kila siku tunapotamka irabu. Shika noti moja, usiibadilishe, pita polepole kabisa kwenye u, o, a, e, i. Rudia mara tano, macho yakiwa yamefumbwa. Utasikia kitu kinapanda ndani ya sauti ilhali noti imetulia palepale.

Khöömei, kama sanaa hii inavyoitwa kwa jumla, ni irabu iliyonolewa mpaka ikawa wembe.

## Kinywa kinavyopangwa

Mtindo wa mluzi unaitwa sygyt. Kingo za ulimi zinabana ufizi wa juu kuanzia mbele, nyuma ya meno, hadi pembeni pande zote mbili, kama unayetaka kutamka l halafu ukagandia hapo. Inaachwa nafasi ndogo tu, nyuma karibu na magego, kushoto au kulia. Sauti inapita kwenye tundu hilo, inaelekezwa kwenye meno ya mbele, na inatokea kwenye midomo iliyochongoka kidogo, mara nyingi uwazi ukiwa upande mmoja. Muhuri wa ulimi haufunguki kabisa. Kinachosogea ni kiwiliwili cha ulimi, kwa kiasi ambacho mtazamaji hakioni.

Huku chini, kooni, nyuzi za sauti zinakaa zimefumba kwa muda mrefu zaidi katika kila mtetemo kuliko mtu anapoimba kawaida. Hapo ndipo vipago vya juu hupata nguvu. Sauti yenye hewa nyingi, ile laini ya kubembeleza, haiwezi kuzaa mluzi hata ulimi ukae vipi.

Na makosa ya wanaoanza yanajulikana. La kwanza ni pua. Kaakaa laini likilegea, sauti inavujia puani na kipago kinafifia. Bana pua kwa vidole katikati ya noti. Sauti ikibadilika, unavuja. La pili ni msingi unaoyumba. Ngazi nzima inaning'inia hapo, kwa hiyo msingi ukishuka kidogo vipago vyote vinashuka pamoja, na unajikuta unaulaumu ulimi kwa kosa la pumzi. La tatu ni kuchagua msingi usiofaa. Ukianzia 300, vipago vinakaa mbalimbali mno: 1200 ni cha 4, 1500 cha 5, 1800 cha 6, na wimbo hauna pa kutembea. Ukishuka sana, vinasongamana na mluzi unashindwa kumtenga mmoja na jirani yake.

Kargyraa ni njia nyingine. Juu ya nyuzi za sauti kuna mikunjo miwili ya nyama ambayo kwa kawaida haishiriki katika usemi. Mwimbaji huishusha mpaka nayo inatetema, mara moja kwa kila mitetemo miwili ya nyuzi za chini, na masikioni sauti inaanguka oktavu nzima: 150 inasikika kama 75. Ulimi hauhitaji muhuri hapa. Midomo inapita kwenye irabu, o kwenda a, na vipago vinatokea kwa kila irabu. Anayejifunza huanza na mkoromo mdogo kama wa kusafisha koo, dakika chache tu, na kuacha pale koo linapowasha. Kulazimisha hapo ni kujitafutia ukakasi wa siku nyingi. Chai ya vuguvugu inafaa. Watuva wenyewe wanakunywa shai, ya maziwa na chumvi, na neno hilo limetoka China kama letu lilivyotoka.

## Nilidhani ni mdomo

Jibu langu la kwanza lilikuwa jepesi: huenda ulimi haufiki pale. Huenda kati ya umbo la kipago cha sita na la nane kuna mahali ambapo kinywa hakishiki.

Halisimami. Mtu anayeteleza polepole kutoka cha sita hadi cha nane anapita kwenye cha saba bila kikwazo, na kinalia vizuri tu. Kinywa hakina habari na namba. Kwake 1050 ni mahali kama mahali pengine.

Jibu la pili lilikuja kwa kiburi zaidi: cha saba ni kichungu kwa asili, sikio lolote la binadamu lingekikataa. Hili nililishikilia muda mrefu kidogo.

Dodoma ndiyo iliyolivunja.

## Wagogo wanakitaka

Muziki wa Wagogo wa Tanzania ya kati umejengwa juu ya ngazi ileile. Si kwa kufananisha tu. Wataalamu waliopima uimbaji wao na upangaji wa marimba zao kubwa wamekuta noti zake zinafuata vipago vya asili, kuanzia karibu na cha nne kwenda cha tisa, na cha saba kimo. Kimo tena kwa heshima zote. Ndicho kinachofanya mwitikio wa sauti zao uwe na ile hali ambayo mgeni anadhani kuna noti iliyotoka kwenye mstari, kumbe iko mahali pake barabara. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliipeleka hali hiyo kwenye majukwaa ya dunia akiwa na zeze na marimba, na hakuna aliyemwambia akipige kipago cha saba msasa ili kifanane na piano.

Kwa hiyo jamii mbili zimesikiliza sauti moja mpaka ndani yake, zikakuta ngazi ileile. Moja ikaona cha saba ndicho chumvi ya chakula. Nyingine ikakipita bila kukikanyaga.

Hapo nikaacha kutafuta jibu kwenye koo.

## Jina na farasi

Njia iliyobaki ilikuwa lugha, na hapa kuna mtego ambao nimeuona ukiwanasa wengi.

Kituva ni lugha ya jamii ya Kituruki, na irabu zake zina kitu ambacho sikio geni hukikosa. Ukisema at kwa kawaida umesema "jina". Ukisema neno hilohilo irabu ikiwa imeshushwa na koo limebanwa kidogo, umesema "farasi". Ot ni moto. Ikishushwa, ni majani ya malisho. Katika herufi za Kisirili, ambazo Kituva kimeandikwa nazo tangu miaka ya 1940 baada ya alfabeti ya Kilatini iliyoanza mwaka 1930, tofauti hiyo hudokezwa kwa alama ъ: ат ni jina, аът ni farasi.

Msomaji wa Mombasa au Lamu hatashangaa. Paa la nyumba na p'aa wa mwituni si neno moja kinywani mwake. La pili lina mpumuo. Vivyo hivyo kaa la moto na k'aa wa baharini, tembo la mnazi na t'embo mwenye mkonga. Maandishi sanifu yameifuta tofauti hiyo, na wengi wa bara hawajawahi kujua kwamba ipo. Watuva angalau wameipa alama.

Mtego ni huu: kwa kuwa lugha yao inabana koo, basi ndiyo maana wanaimba kwa koo. Inavutia mno, na nusura niiandike. Lakini Wamongolia nao wana khöömei, na lugha yao haitenganishi maneno kwa namna hiyo. Na kuna Paul Pena, mwanamuziki kipofu wa San Francisco, mwenye asili ya Cape Verde, aliyeisikia sauti hii kwenye redio ya masafa mafupi, akajifundisha mwenyewe, akaisogelea lugha kwa kupitia kamusi mbili, ya Kituva kwenda Kirusi na ya Kirusi kwenda Kiingereza. Mwaka 1995 alikwenda Kyzyl, mji mkuu wa Tuva, kwenye mashindano ya khöömei, akashinda katika kundi la kargyraa. Koo lake lilikuwa limelelewa na Kiingereza na bluzi.

Lugha haikumpa mtu koo. Ila ninaamini inaonyesha aina ya umakini. Kituva kina viambishi vinane vya wingi, na sauti za neno ndizo zinazochagua: daglar ni milima, khemner mito, inekter ng'ombe, khoilar kondoo. Mzungumzaji hafikirii. Na sisi hatufikirii tunaposema pikia lakini somea, pigia lakini letea. Irabu ya shina imekwisha kuchagua i au e kabla hatujafika. Sikio lililokulia katika kazi hiyo linajua kwamba rangi ya irabu si pambo la neno. Ni kiungo chake.

## Maneno hutangulia

Jibu ninaloliamini leo lilikuwa mbele yangu tangu mwanzo, katika mpangilio wa wimbo wenyewe.

Sygyt haianzi peke yake. Mwimbaji anaimba kwanza mshororo wenye maneno, wa mlima fulani, wa farasi, wa mtu wa nyumbani, kwa sauti iliyokwisha kubanwa. Maneno yakiisha, mluzi unashika. Na nyimbo za Tuva zenye maneno zinatembea juu ya noti tano, zile za do, re, mi, so, la. Angalia sasa ngazi: cha 6 so, cha 8 do, cha 9 re, cha 10 mi, cha 12 so. Mluzi ni mwendelezo wa wimbo ambao mwimbaji ameusikia tangu utotoni ukiwa na maneno. Cha saba hakikuwamo katika wimbo, na cha kumi na moja pia. Vingeingia kama mtu asiyealikwa kwenye mazungumzo ya nduguze.

Noti ya la yenyewe ina shida yake. Kipago kilicho karibu nayo ni cha 13, na kiko chini ya la ya piano kwa kiasi kinachosikika, kwa hiyo kinaguswa kwa nadra kuliko wenzake.

Halafu ninapolisema hili, shaka inarudi upande mwingine. Je, ninaipima khöömei kwa kipimo cha jukwaa? Kwa muda mrefu mahali pake pa asili palikuwa nje, mchungaji akiwa peke yake na mifugo, na aliyemwitikia alikuwa mwamba au kijito. Mtindo wa borbangnadyr, ambao jina lake linatokana na kuviringika, ni mapigo ya haraka ya midomo na ulimi yanayoiga maji yanayopita juu ya mawe. Ezenggileer umepewa jina la ezengi, kikuku anachokanyaga mpanda farasi, na mapigo yake ni ya farasi anayekwenda mchakamchaka. Kaakaa laini linafunguka na kufunga, lile kosa la pua likigeuzwa kuwa sanaa. Kargyraa ina ya mlimani na ya nyikani. Hayo ni majina ya mahali na mwendo. Hata vitenzi vya kwenda katika Kituva vinauliza mto uko wapi: chokta ni kwenda kuelekea unakotoka mto, bat ni kwenda unakoelekea. Huwezi kusema vizuri unakwenda bila kujua maji yanateremkia wapi.

Katika kuiga kijito, swali la kipago cha saba linapungua uzito, kwa kuwa anayesikiliza anafuata mtikisiko na rangi ya sauti. Ni pale mluzi unapobeba wimbo ndipo mruko unakuwa sheria. Jukwaa limeukuza upande huo wa wimbo. Kundi kama Huun-Huur-Tu, lililoanzishwa mwaka 1992, linaimba pamoja na ala, na ala zinahitaji makubaliano. Igil yenyewe, ala yao yenye nyuzi mbili za singa za farasi, haina vigawanyo shingoni. Uzi haukandamizwi hadi kwenye mti, unaguswa kwa kucha au kidole pembeni, na sauti inatoka ikiwa na vipago vingi vinavyosikika wazi. Anayeimba kando ya ala hiyo ana ngazi mbili masikioni kwa wakati mmoja.

## Waliokatazwa

Kuna kitu kingine kilichorukwa kwa uchaguzi. Wanawake waliambiwa waiache khöömei, kwamba ingewadhuru katika uzazi. Mwaka 1998 Choduraa Tumat alianzisha Tyva Kyzy, kundi la wanawake watupu, na wakaimba mitindo yote. Sauti yao ikiwa juu, vipago vinakaa mbalimbali zaidi, kwa hiyo kuushusha msingi na kuutuliza kunawadai kazi zaidi kuliko mwanamume mwenye sauti nzito. Hiyo ni tofauti ya mahesabu ya msingi, na inafanyiwa kazi. Huku Afrika Kusini, katika Rasi ya Mashariki, wanawake wa Kixhosa wa upande wa Abathembu wana umngqokolo, uimbaji wao wa sauti nzito wenye vipago juu yake. Huko ni sanaa ya wanawake.

Miili ileile, makatazo yanayopishana.

## Kuruka

Anayetaka kulijaribu hili kwa kinywa chake aanze na msingi wa chini wa starehe, usiozidi noti anayosemea asubuhi. Simu iwe mbele, programu ikichora. Dakika kumi kwa siku zinatosha. Koo likiwasha, pumzika hadi kesho.

Tafuta kipago cha sita kwa kutoka kwenye o kuelekea a, ulimi ukiwa umebana ufizi. Kikishang'aa kwenye skrini, kikae pumzi nzima. Siku ya pili au ya tatu tafuta cha nane vivyo hivyo, bila kupitia cha sita. Viwe vituo viwili unavyovifahamu kila kimoja peke yake. Wengi wanaharakisha kuviunganisha, wanateleza kutoka kimoja hadi kingine, na cha saba kinalia katikati kila mara. Kisha wanajaribu kukikwepa kwa kasi. Kasi pekee haitoshi, kwa sababu ulimi unaokwenda haraka bila kujua unakoishia hupita cha nane na kugonga cha tisa.

Ushike msingi, uweke mng'ao kwenye cha sita, usisogee. Sikiliza cha nane ndani ya mvumo wako. Kimo tayari, hafifu, kikisubiri. Inachukua sekunde kadhaa kukipata kwa sikio, na siku nyingine hakipatikani kabisa. Ukishakisikia, ndipo usogeze ulimi.